Kijito Kilipokauka

Barua ilinifikia kwa simu, Jumanne tarehe 28 Januari 2025, nikiwa napalilia mahindi nyuma ya nyumba ya usharika. Mratibu wa mradi wetu wa diakonia aliipiga picha akanitumia, na chini yake akaandika: "Baba Mchungaji, naomba uisome halafu unipigie." Nilifuta udongo mikononi nikaisoma nimesimama. Ilisema kazi zote zinazolipwa kwa fedha za watu wa Marekani zisimame siku hiyohiyo. Nyumba zisitembelewe, kikao kisifanyike, mafuta yasinunuliwe, gari lisitoke.

Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya diakonia ya jimbo. Mradi ulikuwa na waajiriwa wawili, mratibu na muuguzi mmoja aliyekuwa mshauri nasaha, pamoja na watu 14 wa kujitolea waliotembelea kaya zenye watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI na watoto waliobaki bila wazazi. Ukisikia "mradi wa kanisa" usidhani ni kitu kikubwa. Ofisi yetu ilikuwa chumba kilichokuwa stoo ya viti, na gari lilikuwa moja.

Kabla sijaendelea, nikiri jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote kwa miezi mitano. Pale shambani, wa kwanza kunijia akilini hakuwa mgonjwa. Alikuwa binti yangu. Kila mwezi nilipokea posho ya usimamizi, shilingi 180,000, na posho ile ndiyo iliyokuwa ikimlipia ada ya bweni. Kwa hiyo nilifanya hesabu ya ada kwanza, na baada ya hapo ndipo nikawakumbuka wagonjwa. Miaka yote nilipokuwa naomba madhabahuni Bwana auendeleze mradi ule, sijui sasa nilikuwa namwombea nani.

Sisi tuko Njombe. Wasomaji wa mikoa mingine huenda hawajui jambo hili linatugusa kiasi gani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kuwa katika nchi nzima watu wazima wenye virusi ni asilimia 4.4. Kwetu ni asilimia 12.7, ya juu kuliko mkoa wowote. Ukihubiri Jumapili mbele ya watu wazima mia mbili, unajua bila kuambiwa kwamba unaongea na wengi wanaomeza vidonge usiku, na wengine wao wameketi kwenye viti vya mbele.

Mwaka 2002 nilikuwa mwinjilisti kijana, sijaenda chuo. Kuna wiki moja nilishika koleo katika mazishi matano. Tulifika mahali pa kuacha kutaja ugonjwa. Tulisema "ameugua kwa muda mrefu" na kila mtu akaelewa. Mafundi wa majeneza walikuwa na kazi kuliko mafundi wa madirisha. Kisha mwaka 2003 Rais George W. Bush alitangaza mpango wake wa dharura wa UKIMWI, na kuanzia mwaka uliofuata dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure hapa nchini. Nilipotoka Makumira na kubarikiwa kuwa mchungaji nilikuta usharika wenye wazee wapya: watu niliokuwa nimekwisha kuwahesabu miongoni mwa wafu. Mmoja alinipokea begi kituo cha basi. Kwa hiyo mtu asinieleze kwamba misaada ya nje haikufanya kitu. Niliona kwa macho makaburi yakipungua.

Waumini waliniuliza imekuwaje serikali ya mbali ifunge mlango na sisi huku tupigwe na upepo siku ileile. Niliwaeleza kwa mfano wa mfereji wa vinyungu. Chanzo ni kodi ya mwananchi wa Marekani. Bunge lao linaipitisha, serikali yao inaipa idara yake, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa USAID, iliyoanzishwa na Rais Kennedy mwaka 1961. Idara inalipa shirika kubwa la kimataifa, nalo linalipa shirika la Dar es Salaam, ambalo linalipa dayosisi, dayosisi inalipa jimbo, na jimbo linamlipa mama anayepanda kilima kwenda kumwangalia mtoto kama amekunywa dawa. Kila kituo kinachota kidogo. Mtu akiziba kule juu, wa bonde la mwisho haulizwi. Anaona tu udongo unapasuka.

Na kule juu palizibwa kwa haraka kuliko nilivyowahi kuona. Tarehe 20 Januari Rais Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo kwa siku 90 ili ikaguliwe. Baadaye kikatolewa kibali kwa huduma za kuokoa maisha, kwa hiyo dawa kwetu hazikukatika, tunamshukuru Mungu. Waliokatika ni watu: mshauri, karani wa takwimu, wale wa kutembelea nyumba. Siku 90 hata hazijaisha, tarehe 10 Machi, waziri wao wa mambo ya nje, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa. Tarehe 1 Julai idara yenyewe ikafungwa na mabaki yake yakaingizwa katika wizara yake.

Si Marekani peke yake. Uingereza ilikuwa na sheria ya kutoa asilimia 0.7 ya pato lake la taifa. Ikashuka hadi 0.5 mwaka 2021, na Februari 2025 waziri mkuu wao akatangaza kuwa itakuwa 0.3 ifikapo 2027, fedha ziende kwenye ulinzi. Sweden, ambayo kwa Walutheri wa nchi hii ni kama shangazi, ilianza mapema: Machi 2024 shirika lao la misaada la serikali, Sida (jina ambalo masikioni mwetu linakaribia mno neno shida), lilitangaza kuvunja mikataba yake ya muda mrefu na mashirika ya kiraia ya huko, yakiwamo ya kikanisa. Desemba 2025 serikali yao ikasema inaondoa misaada yake ya maendeleo katika nchi tano, na Tanzania imo.

Kulikuwa na fedheha nyingine iliyotuhusu sisi kwa jina. Mapema Februari 2025 Michael Flynn, jenerali mstaafu aliyewahi kuwa mshauri wa usalama wa Trump, alisambaza mtandaoni orodha ya fedha za serikali zilizopewa mashirika ya Kilutheri ya Marekani, akiyahusisha na utakatishaji fedha, na Elon Musk akajibu kwamba malipo hayo haramu yanafungwa. Mengi ya mashirika yale yanahudumia wakimbizi, wazee na walemavu humo humo Marekani. Kijana wa kwaya alinionyesha kwenye simu yake baada ya mazoezi. "Baba Mchungaji, kumbe Walutheri ni wezi?" Alikuwa anatania, lakini nilimwona akisubiri jibu.

Jumapili ya kwanza ya Februari nilihubiri kutoka 1 Wafalme 17. Mnaijua habari: Eliya anajificha kando ya kijito cha Kerithi, kunguru wanamletea chakula, na siku moja kijito kinakauka kwa sababu mvua haikunyesha. Mungu hamrudishii maji. Anamtuma Sarepta kwa mjane. Nilihubiri vizuri, nisiwafiche. Nilisema kijito cha wafadhili kimekauka na sasa Bwana anatutuma kwa mjane, na mjane huyo ni sisi, usharika huu, tuna unga kidogo na mafuta kidogo, tutoe. Baada ya ibada tukafanya mnada. Debe la viazi likanunuliwa mara tatu na kurudishwa mara mbili. Bibi mmoja alitoa kuku wake wa mayai. Tulipata shilingi 1,340,000, kiasi ambacho hatujawahi kukipata katika mnada mmoja usio wa mavuno.

Usiku nikaisoma tena sura ile, kama mtu anayerudi kuitazama kazi yake kwa kujipongeza. Nikakwama kwa yule mjane. Alikuwa anaokota kuni za kupikia chakula cha mwisho yeye na mwanawe, wale, wafe. Na nabii anamwambia amtengenezee yeye kwanza. Eliya alikuwa na neno la Bwana mkononi kwamba unga hautaisha. Mimi nilikuwa na neno la nani? Kuku wa yule bibi alikuwa tayari kwenye kikapu cha aliyemnunua.

Wiki mbili baadaye tulikaa kikao cha jimbo. Mzee mmoja wa kanisa, mkulima wa parachichi, mtu mwema ambaye amejenga nusu ya nyumba ya mwinjilisti kwa fedha zake, alisimama akasema jambo hili ni baraka. Tumelelewa mno, alisema, na wagonjwa nao wamedeka, sasa tutajitegemea kama Mwalimu alivyotaka. Wengi walipiga makofi, na mimi nikapiga mawili matatu.

Nimeyawaza sana makofi yale. Azimio la Arusha la 1967 lilikataa kuifanya fedha, hasa ya kuomba, kuwa msingi wa maendeleo, na bado naona lilikuwa sahihi. Hata kabla yake, mwaka 1965, Ujerumani Magharibi ilipoondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu ya Wajerumani Mashariki waliokuwa Zanzibar, Nyerere aliwaambia waondoe na misaada mingine yote ya serikali yao. Alikataa mwenyewe, kwa heshima ya nchi, akijua gharama. Lakini mama wa Njombe mwenye watoto watatu na kadi ya kliniki hakukataa kitu. Amekatiwa. Kumwambia kwamba njaa yake ni kujitegemea, huku mimi na mkulima wa parachichi tumeshiba, ni maneno ambayo nabii Amosi angeyajua mara moja. Na hata tukijitegemea vipi, dawa za kufubaza virusi hazinunuliwi kwa mnada wa viazi. Hiyo ni kazi ya taifa. Katika bajeti ya 2025/26 serikali yetu imeweka tozo mpya kwenye baadhi ya bidhaa na huduma ili kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, na mimi, ambaye hulalamikia kila tozo, hiyo nailipa kimya.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika. Kati ya watu waliotembelewa na mradi alikuwamo mama mmoja wa usharika wangu. Sitasema kijiji wala kazi yake. Mwishoni mwa Februari nilikwenda kwake jioni, nimebeba sukari na sabuni za mnada, nikiwa na furaha ya mtu aendaye kutenda mema. Tuliamkiana, kamwene, kamwene. Nikamweleza kwamba asiwe na wasiwasi, watu wa mradi wameondoka lakini kanisa lipo, na kuanzia sasa wazee wa kanisa na akina mama wa umoja watakuwa wanamtembelea.

Alikaa kimya, akachochea moto. Halafu akasema, "Baba Mchungaji, usikasirike. Naomba wasije."

Nikauliza kwa nini.

"Wale wa mradi walikuwa wageni. Hawakunijua, hawakumjua marehemu mume wangu, hawajui nimezaa na nani. Nyinyi mnanijua. Mama fulani akija hapa Alhamisi, Jumapili nitakuwa wimbo. Kanisani kuna midomo."

Sikuwa na la kusema. Nilitaka kumjibu kwamba kanisa ni mwili mmoja. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mchungaji wakati wazee walipomwondoa dada mmoja kwenye kwaya mwaka 2014 kwa "maadili", na kila mtu alijua sababu ni kwamba alionekana kwenye foleni ya kliniki. Niliusaini muhtasari wa kikao kile. Mama huyu alikuwa anaimba sauti ya pili pembeni ya dada yule.

Kumbe hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka kama 15 tulisema mradi unalisaidia kanisa kufanya diakonia, kumbe mradi ulikuwa umetupa ruhusa ya kutoifanya. Kutembelea wagonjwa tulimwachia mwenye posho. Na wagonjwa walipumua, kwa sababu walio na posho waliapa kutunza siri na sisi hatukuapa.

Sikulala vizuri siku hizo. Mwishowe nilimwendea muuguzi wetu, aliyekuwa bado hajahama, nikamwambia hadithi yote, isipokuwa jina. Alicheka kidogo. Akasema, "Baba, mnataka kuchagua watu wa kuwatembelea wagonjwa. Mmewauliza wagonjwa wenyewe?" Hatukuwa tumewauliza. Katika vikao vitatu vya kamati hakuna aliyelifikiria hilo, na nina shahada ya theolojia.

Aliwauliza yeye, mmoja mmoja, kliniki. Walitaja majina sita. Matatu tu yalikuwa ya Walutheri, na hakuna hata mzee wa kanisa mmoja. Wa nne ni Mkatoliki, kijana wa bodaboda. Wa tano ni mwalimu mstaafu asiyeonekana kanisa lolote. Wa sita ni mama wa Kiislamu anayeuza dagaa sokoni, ambaye walisema hajawahi kusikika akimsengenya mtu. Mimi sikutajwa.

Kikao cha wazee kilichofuata kilikuwa kigumu. Fedha za mnada wa Walutheri zimlipie nauli muuza dagaa Mwislamu? Niliwakumbusha kwamba mjane wa Sarepta alikuwa mtu wa Sidoni, si wa Israeli, na Bwana wetu mwenyewe alipolisema hilo Nazareti watu walitaka kumsukuma mlimani. Mkulima wa parachichi ndiye aliyevunja ubishi. Alisema yeye amenunua dagaa kwa mama huyo kwa miaka kumi na vipimo vyake havijawahi kupungua. Ikapita. Wauguzi wa serikali waliwafundisha wale sita kwa siku mbili, wakala kiapo cha kutunza siri, na wanafanya kazi hadi leo kwa nauli, muda wa maongezi wa simu na sabuni.

Msidhani nasimulia ushindi. Muuguzi wetu alihama mwezi Aprili. Mshahara wake ulikuwa nje ya uwezo wa mnada wowote. Mradi ulikuwa unawapatia watoto 61 sare, madaftari na michango ya chakula shuleni. Sisi tumeweza tisa. Nilikaa katika kamati iliyowachagua hao tisa, na kuna mvulana ninayekutana naye barabarani ambaye hakuwamo. Ananiamkia shikamoo kwa adabu zote na mimi huitikia marahaba huku nikitazama pembeni.

Mashirika makubwa nayo yanatapatapa kwa namna yake. Catholic Relief Services ya Marekani, iliyokuwa ikipata takriban nusu ya fedha zake USAID, iliwaambia wafanyakazi wake wajiandae kupungua sana. Mengine yamegeukia sadaka za mtu mmoja mmoja, mengine yanakimbilia mfadhili mwingine. Mratibu wetu alikuja na tangazo la fedha za mabadiliko ya tabianchi. Aliniuliza kama tunaweza kuwageuza wagonjwa wetu kuwa kikundi cha kutunza vyanzo vya maji. Ningependa kusema nilikataa. Tuliandika andiko la kurasa 22, tukapanda miche kwenye karatasi, na hatukupata.

Usharika rafiki tulio nao Minnesota haukutuacha. Bibi mmoja wa huko, ambaye amekuja kwetu mara mbili na anajua kusonga ugali, aliniandikia kuomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Ilinichukua wiki kumjibu. Nilimwandikia kwamba kodi ni yao na wana haki ya kuamua matumizi yake, ila namna ya kuondoka nayo ni jambo la dhamiri, maana hata mpangaji hupewa notisi. Nikamshukuru kwa wazee waliopo ambao wasingekuwapo. Nilimtajia na yule aliyenipokea begi.

Posho yangu haijarudi. Binti yangu amehamia shule ya kata, anatembea dakika 50 kila asubuhi, na Juni na Julai kwa baridi yetu si mchezo. Alinikasirikia muhula mzima. Gari la mradi bado limeegeshwa chini ya mlingoti kando ya kanisa likisubiri barua ya kusema ni la nani, na kuku wa mwinjilisti hutaga ndani yake.

Wiki iliyopita yule mama alinisimamisha njiani. Mama wa dagaa alikuwa amekwenda msibani Makambako, na Alhamisi ilikuwa siku ya kuchukua dawa. Mguu ulikuwa umemvimba. Alitazama huku na huku, akanipa kadi yake ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa. "Basi nenda wewe, Baba Mchungaji. Ila usivae kola."

Nilivaa sweta. Nilikaa kwenye foleni kuanzia saa mbili mpaka saa tano na nusu. Watu wa usharika wangu waliokuwa pale walinitazama, wakatazama chini, kisha mmoja akasogea kwenye benchi ili nipate nafasi.

Jioni nilimpelekea kopo lake. Alihesabu vidonge, akaridhika, akaniuliza kama nitakunywa chai au uji.